Safari Uliyoipanga Liuli

Skola mwanangu,

Sikuulizi hali. Asubuhi tumekunywa uji pamoja, nimeiona hali yako na wewe umeiona yangu, ndiyo maana ukaharakisha kwenda Kitura kumuaga babu yako kabla sijafungua mdomo. Ulifanya vizuri. Ningeufungua ningeanza na mama mdogo wako Eda, nawe ungemtetea kama kawaida yako, tukagombana mbele ya mtoto. Sasa nimekaa hapa jikoni, Anjela amelala mgongoni mwangu, naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kimatengo sikuzoea kukiandika, na pia kwa Kimatengo maneno makali yananijia upesi mno. Soma ukirudi, kabla hujafunga mzigo wa mwisho.

Sitakuambia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala mahali pa kuficha hela ukiwa kwenye treni. Wewe ni mtu mzima, una mtoto, na hayo umekwisha kuyafikiria kuliko mimi. Nataka kukuambia kitu kilichonikaa kifuani tangu Jumapili. Nina wivu, Skola. Nina wivu na safari yako, na nina wivu zaidi na mtu uliyeipanga naye.

Jumapili baada ya misa ulinikalisha kwenye benchi la nje ukanieleza yote bila kukwama. Gari hadi Songea, kutoka Songea hadi Iringa, kutoka Iringa hadi Dodoma, halafu treni daraja la tatu mpaka Mwanza. Rafiki yako Tekla atakupokea stesheni. Kazi ipo, kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, na Tekla amekwisha kukusemea kwa msimamizi. Utalala naye kitanda kimoja mpaka upate chako. Na Anjela atabaki Liuli kwa mama mdogo, mwaka mmoja tu. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, mwanangu. Mimi nilisikia tangazo la tatu. La kwanza na la pili alisikia Eda.

Mwaka mzima umekuwa ukishuka ziwani kufuata usipa, dagaa wa kule, unapanda nao kuuza huku milimani. Nilikusifu kwa majirani. Nilisema, tazameni, soko huria limewakuta wengine wamelala, mwanangu kaamka. Kumbe faida ya kila tenga ilikuwa inabaki kule chini, kwenye sanduku la Eda, na kila ulipolala Liuli mlikuwa mnakaa wawili mkipanga. Mimi nilikuwa nakuwekea maharage jikoni yasipoe.

Kinachoniuma ni kwamba mmepanga vizuri. Kama mngepanga vibaya ningepata la kusema. Nimeitafutia safari hii kasoro tangu Jumapili mpaka leo. Nikafikiri, hawakukumbuka mvua, barabara ya Songea ikiloa magari yanalala njiani. Kumbe umetenga hela ya kula na kulala siku mbili za kukwama. Nikafikiri, atajibebesha masufuria na vinu. Kumbe unachukua sufuria moja, vingine utanunua huko huko kidogo kidogo. Hata zawadi ya kumpa Tekla ipo, tena si mahindi, ni usipa wakavu wa ziwa letu, ili wale wanaojisifia sangara wao waonje samaki. Hapo nilimtambua Eda kabisa. Hayo ni maneno yake.

Sisi tulipohama kwenda Mbeya, mimi na marehemu baba yako, tulikuwa tunapanga kwa kukisia. Baba yako alikuwa amepata kazi ya uashi. Usiku wa kuamkia safari aliung'oa mlango wa nyumba yetu. Ndiyo, mlango. Ulikuwa wa mbao ya mninga, alikuwa ameutengeneza kwa mkono wake, akasema hawezi kuuachia mchwa na mashemeji. Utingo wa lori alitudai nauli ya mlango kubwa kuliko nauli yangu mimi. Tulipofika Mbeya, chumba tulichopanga kilikuwa na mlango wake. Wetu ukakaa umeegemea ukutani muda wote tulioishi kule, na wageni wakiingia wanauliza kama sisi ni mafundi seremala. Pia tulibeba gunia la mahindi, tukayalipia ushuru vizuizini, tukayafikisha Mbeya, mji ambao mahindi yamejaa kila uchochoro. Nilicheka sana baadaye. Wakati ule sikucheka, nilikuwa nimebeba kila kitu isipokuwa wewe.

Wewe tulikuacha Liuli kwa Eda. Ulikuwa na umri huu huu wa Anjela, ndiyo kwanza umeanza kusema maneno mawili mawili. Mimi na baba yako tulikuwa tumekubaliana: tutaondoka na malipo ya kwanza ya kahawa, na majalizo yakija, tutamfuata mtoto. Wewe wa siku hizi hujui vizuri majalizo. Leo mnunuzi anakuja na mizani yake na pikapu, anapima, anakulipa, mnaagana. Enzi zetu chama kilikuwa kinalipa kwa mafungu. Unapeleka kahawa, unapata fungu la kwanza, halafu unasubiri iuzwe huko mbali, ndipo linakuja fungu la pili. Hilo ndilo majalizo. Hapakuwa na mtu milimani hapa asiyeishi kwa majalizo. Tulikuwa tunaoa kwa majalizo, tunaezeka bati kwa majalizo, tunaahidi michango ya kanisa kwa majalizo. Fedha yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona, lakini sote tulikuwa tumekwisha kuitumia.

Yalichelewa. Yalipokuja yalikuwa yamekatwa mbolea na dawa za mikahawa, kilichobaki kilitosha chumvi na mafuta ya taa. Tukasema, basi, msimu ujao. Msimu ujao kahawa iliota majani tu, maana shemeji tuliyemwachia hakuikatia wala hakuipalilia. Tukasema, ule mwingine. Mwaka mmoja tu ukawa miaka mitatu, Skola, na hakuna hata mara moja tuliyokaa chini tukasema tunamwacha mtoto miaka mitatu. Hatukuamua. Tulikuwa tunasubiri.

Eda alikuwa anaandika barua, au anamwandikisha mwalimu. Mtoto ameota magego. Mtoto anaimba kwaya ya watoto, anaitikia kuliko wakubwa. Mtoto amejifunza kuparua samaki mbasa bila kujichoma. Mstari wa kwanza ulikuwa unanifurahisha, na kufika wa pili nimekwisha kumchukia dada yangu. Nilikuwa namjibu asante, Mungu akubariki, na bahasha nilikuwa naifunga kwa ngumi.

Tuliporudi huku kutoka Mbeya nikaja kukuchukua, nilikuwa nimekununulia gauni jekundu. Nilishuka kwenye lori nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Ulikuwa umesimama mlangoni kwa Eda, umeshika kitenge chake, ukanitazama kutoka chini mpaka juu. Ukamwambia neno. Ulisema Kinyasa, sikukuelewa. Nikamuuliza Eda, "Anasemaje?"

Eda akakuvuta karibu. Nikamuuliza tena.

"Anauliza kama mgeni atalala hapa," akasema.

Mimi ndiye niliyekuzaa, Skola, na maneno ya mtoto wangu nilitafsiriwa na mdogo wangu. Sijawahi kumsamehe kwa jambo hilo, na yeye hakuwa na kosa lolote. Ningekuwa mtu mwema zaidi ningemsamehe, lakini ndiyo hivyo.

Gauni lilikuwa dogo. Nilikuwa nimenunua kwa kukisia, kwa mtoto niliyemwacha, si kwa aliyekuwepo. Eda alilifumua pindo akalishusha usiku ule ule ili uvae kesho yake, nami nikamwonea wivu hata kwa sindano.

Hukumbuki ulivyokataa kula huku. Ugali na maharage hukutaka hata kuyaona, ulikuwa unasema chakula hiki hakina macho. Baba yako akawa anaulizia usipa kwa kila mtu anayepanda kutoka ziwani. Nilikuwa nikikubeba kwenda nawe shambani tunakochimba ngoro, unakaa ukingoni mwa shimo, unatazama upande wa magharibi, ambako kuna milima tu. Ulikuwa unatafuta maji. Uliniita mama mara ya kwanza ukiwa na homa, na sina hakika ulikuwa unaniita mimi.

Baadaye ulizoea. Mtoto huzoea. Lakini sisi wawili tulianza tukiwa tumechelewa, na tangu hapo kila jambo kubwa unalipeleka kwanza Liuli. Ulipovunja ungo, Eda alijua kabla yangu. Ulipopata mimba ya Anjela na yule bwana akatoweka, mimi nilipiga kelele siku mbili, na Eda alituma khanga mpya na samaki. Mkiwa pamoja mnacheka kwa Kinyasa, nami nacheka nikiwafuata nyuma, sijui ninachochekea. Sikulaumu. Nakueleza tu jinsi ninavyoonekana nikiwa upande wa huku.

Sasa turudi kwenye safari yako. Nilisema nimeitafutia kasoro. Nimepata moja tu, na ni ile ile ya kwetu. Umeweka kila kitu katika bajeti, mpaka usipa wa Tekla, halafu mtoto umemweka kwenye majalizo. Nikishatulia nitamfuata. Nikishapata chumba. Mwaka mmoja tu. Skola, maneno hayo nayajua harufu yake. Ukifika Mwanza utapata mshahara, mwezi wa kwanza utalipa madeni ya njia, wa pili utanunua godoro, wa tatu utaumwa au Tekla ataumwa, na nauli ya kurudi huku ni kubwa kuliko ya kwenda, kwa sababu ya kwenda uliikusanya ukiwa na hamu. Hakuna siku utakayoamua kumwacha. Utakuwa unasubiri, kama sisi.

Wewe mwenyewe ulisema Jumapili, kwa kupita tu, kwamba jirani na Tekla yuko mama mmoja anayekaa na watoto wa wanawake wa kiwandani kwa malipo ya mwezi. Ukasema pia kwamba ukitaka chumba chako wenye nyumba wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ulivisema vyote viwili kama mtu anayetaja bei ya gari. Mimi nilivishika. Tangu siku ile nalala navyo.

Jana ulipokwenda mjini kukata tiketi, yule kijana mnunuzi wa kahawa alipita. Nikamwita. Alisimama mbali kidogo.

"Mama, si wewe uliyenifukuza na mchi mwaka jana?"

"Ndiyo mimi. Leo mchi umepumzika. Njoo uone maua ya mteremko wa nyuma."

Unajua ninavyosema kuhusu magoma. Nimewasema majirani wote wanaouza kahawa ikiwa bado maua, wanachukua nusu ya bei leo na mavuno yote yanakuwa ya mwingine. Nimesema hata kwenye jumuiya, mpaka katekista akaniomba nimwachie nafasi ya kusali. Sasa kijana yule alitembea katikati ya mikahawa ya baba yako, imechanua nyeupe tupu, akataja bei. Nikacheka kwa hasira.

"Mama, mwenye shida ni nani kati yetu?" akaniuliza, kwa adabu kabisa.

"Ni mimi," nikasema. "Na kwa kuwa ni mimi, ongeza."

Akaongeza, si sana. Nikapokea. Jirani yetu Mama Gaudensia aliona yote kutoka kwake, na kufikia leo jioni mlima mzima unajua kwamba mhubiri ameanguka. Acha waseme. Miti ya mbele sijaigusa, mahindi yapo, maharage yapo, sitalala njaa. Usianze kunionea huruma ukiwa njiani.

Fedha hiyo inatosha chumba cha miezi sita na yule mama wa watoto kwa miezi kadhaa, mpaka mshahara wako ukae sawa. Nimeuliza watu wawili wenye ndugu Mwanza, sikukisia safari hii. Nauli ya Anjela si kitu, bado anapakatwa. Nataka uende naye. Usiku utakuwa umechoka, unanuka samaki, yeye analia, Tekla ananuna, utanitukana mimi na kahawa yangu. Nitukane. Lakini atakuwa anajua wewe ni nani.

Nilitaka kuishia hapo nionekane nimefanya jambo la mapenzi matupu. Nimefikiri, nikaona hapana, nimekwisha kukuficha mengi. Eda hakujaliwa mtoto. Unajua, kila mtu anajua, na hakuna anayemtajia. Amekwisha kupaka chokaa chumba cha Anjela. Amenunua kitanda kidogo kwa fundi wa Mbamba Bay. Juzi alipopanda huku kunieleza habari ya kitanda, uso wake ulikuwa kama wa msichana, nami moyoni nikasema, huyu humpati. Nilisema hivyo hivyo, humpati, mara hii humpati. Ndipo nikaanza kufikiria maua ya mteremko wa nyuma. Kwa hiyo sijui, Skola. Kama nisingekuwa na wivu, ningeuza? Nikijaribu kutenganisha mapenzi na wivu katika jambo hili nashindwa, vimekuwa kitu kimoja. Ninalolijua ni kwamba ninachokuambia ni kweli, hata kama anayekuambia ana sababu zake.

Mtendee Eda haki ambayo mimi sikumtendea. Mwandikie, tena kwa Kinyasa. Mtumie picha ya mtoto. Ukishakuwa na chumba na nafasi ya mgeni, wa kwanza kumwita awe yeye. Hapana, hilo nimeandika kwa unafiki. Niite mimi kwanza, hata wiki moja, halafu umwite yeye akae anavyotaka. Sijawahi kupanda treni. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nikiziota, na sasa wewe unakwenda kupanda na unaongea habari zake kama habari za baiskeli. Huo nao ni wivu, wa aina nyingine, huo hauna ubaya.

Fedha nitakupa mkononi ukimaliza kusoma. Na kuna sentensi nimeianza mara mbili nikaikata, lakini ni lazima niiandike: ukiamua bado kumwacha Anjela Liuli, fedha ni yako vilevile. Nisipoandika hivyo nitakuwa nimemnunua mjukuu kwa kahawa. Wewe ndiye mama yake. Mimi nimesema langu.

Anjela ameamka, anazivuta nywele zangu, ananiambia unakuja. Kweli nakuona unapanda njia, umebeba kuku wa babu yako. Ngoja nimalize.

Kesho alfajiri Eda atakuwa stendi ya Mbinga. Usiku huu analala mjini kwa watu wa kanisa lake ili asichelewe. Namjua, atakuwa amefika kabla ya gari, amevaa khanga safi, na akituona tu atanyoosha mikono. Mimi nitakuwa nyuma yako na sitasema neno, naapa. Ukipanda gari na mtoto wako mgongoni, tutabaki pale dada wawili, mikono mitupu wote, na nitamnunulia chai na maandazi na kukaa naye mpaka alie amalize. Ukimpa, nitamsaidia kubeba nguo za mtoto hadi kwenye lori la Liuli. Lakini chai atajinunulia mwenyewe.

Mimi mama yako,
Agnesi